Ahadi ya 1373: Uingereza na Ureno katika Karne Sita

Tarehe 16 Juni 1373, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, wajumbe wa mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza walikutana na wajumbe wa mfalme Fernando wa Ureno, wakatia muhuri mkataba wa urafiki wa kudumu. Rafiki wa mmoja angekuwa rafiki wa mwingine, adui wa mmoja adui wa mwingine, na aliyevamiwa angeletewa askari na marikebu na mwenzake. Mkataba huo haujafutwa mpaka leo. Hakuna ushirika mwingine wa mataifa mawili wenye umri kama huo ambao bado unahesabiwa kuwa hai.

Viongozi wa nchi hizo mbili hupenda kuuita undugu. Mimi nauona kama mapatano ya watu wawili wenye haja tofauti ambazo hazikwisha. Ureno ni nchi ndogo iliyobanwa ukutani na jirani mkubwa. Upande wake pekee usio na Mhispania ni bahari. Uingereza ni kisiwa kilichoishi kwa marikebu, na marikebu ziendazo kusini zinahitaji bandari ya kupumzikia. Mmoja alikuwa na bandari, mwingine alikuwa na manowari. Haja hizo ndizo zilizoufufua mkataba kila ulipoelekea kufa. Nasi wa pwani hii, kuanzia Sofala mpaka Lamu, tuliingizwa ndani ya biashara hiyo pasipo kuulizwa.

Mizizi yake ni mirefu kuliko karatasi ya 1373. Mwaka 1147, askari wa msalaba kutoka Uingereza, wakiwa safarini kuelekea mashariki, waliteremka na kumsaidia mfalme wa Ureno kuuteka mji wa Lisbon kutoka kwa Waislamu. Kasisi wa Kiingereza, Gilbert wa Hastings, akawa askofu wa mji huo. Kisha mwaka 1353 mfanyabiashara wa Porto, Afonso Martins Alho, alikwenda kwa Edward wa Tatu akarudi na mapatano ya miaka 50: Wareno waruhusiwe kuvua samaki kwenye pwani za Uingereza, na wafanyabiashara wa pande zote walindwe. Wachuuzi na wavuvi walipatana miaka 20 kabla ya wafalme.

Kilichowasukuma wafalme ni vita. Uingereza ilikuwa ikipigana na Ufaransa vita vilivyokuja kuitwa vya Miaka Mia, na ufalme wa Castile, yaani Hispania ya kati, ulikuwa upande wa Wafaransa. Mwaka 1372 manowari za Castile zilizivunjavunja meli za kivita za Waingereza, moja baada ya nyingine, mbele ya bandari ya La Rochelle. London ilihitaji rafiki mwenye mashua za vita ubavuni mwa Castile. Ureno, kwa upande wake, iliogopa kumezwa.

Hofu hiyo ilitimia Fernando alipofariki mwaka 1383. Hakuacha mtoto wa kiume, na binti yake Beatriz alikuwa ameolewa na mfalme wa Castile, ambaye mara moja alidai kiti cha enzi. Watu wa Lisbon walikataa. Walimwinua João, ndugu wa baba mmoja na marehemu, aliyezaliwa nje ya ndoa, na Aprili 1385 baraza lililokutana Coimbra likamtangaza mfalme. Miezi minne baadaye, tarehe 14 Agosti, jeshi kubwa la Castile pamoja na makabaila wa Kifaransa liliwakuta Wareno wamejichimbia juu ya kilima chembamba karibu na Aljubarrota. Jemadari wa Ureno, Nuno Álvares Pereira, alikuwa ameichagua sehemu hiyo ili wingi wa adui ugeuke msongamano. Pembeni walisimama Waingereza wenye pinde ndefu. Wapanda farasi wa Castile walikimbilia mitaroni na kwenye mvua ya mishale, na kabla giza halijatanda vita vilikuwa vimekwisha. Watawa walijengewa monasteri mahali pa karibu kwa shukrani, na mji ukaitwa Batalha.

Baada ya ushindi huo ahadi ilifungwa upya huko Windsor, tarehe 9 Mei 1386. Safari hii masharti yalikuwa na uzito: Ureno ilitoa mashua 10 za vita kulinda pwani ya Uingereza kwa gharama yake yenyewe, na wafanyabiashara wa kila nchi waliruhusiwa kuishi na kuuza katika nchi nyingine. Mwaka uliofuata João alimwoa Philippa wa Lancaster, binti wa John wa Gaunt, mwana wa Edward wa Tatu. Ndoa ile ilipangwa na wazazi kama mapatano mengine, lakini kaburini mwao Batalha sanamu zao za mawe zimelala zikishikana mikono. Philippa alilea watoto waliokuja kuwa wasomi na watu wa bahari. Mmoja wao, Henrique, ndiye aliyegharimia safari za kwanza za Wareno kushuka pwani ya Afrika Magharibi.

Henrique alifariki mwaka 1460. Miaka 38 baadaye Vasco da Gama alitia nanga Mombasa, kisha Malindi. Mwaka 1505 Kilwa ilitekwa na Mombasa ikachomwa moto na kikosi cha Francisco de Almeida. Ufalme uliookolewa Aljubarrota ulikuwa umefika kwetu.

Kisha ulivunjika wenyewe. Mwaka 1580 nasaba ya Ureno ilikwisha na Philip wa Pili wa Hispania akairithi. Kwa miaka 60 Ureno ilitawaliwa na mfalme ambaye ndiye adui mkubwa wa Uingereza, na urafiki wa kale haukumlinda Mreno hata kidogo. Kundi kubwa la manowari lililokwenda kuivamia Uingereza mwaka 1588 lilitweka tanga kutoka Lisbon. Waingereza walilipiza kisasi baharini: mwaka 1592 walilikamata karibu na Azores jahazi kubwa la Kireno, Madre de Deus, likirudi kutoka India limesheheni pilipili, karafuu, hariri na vito. Miezi michache kabla ya hapo, Edward Bonaventure ya nahodha James Lancaster ilikuwa imepumzika Zanzibar, Waingereza wakipeleleza njia ambayo Wareno walikuwa wakiificha.

Pigo zito zaidi lilitokea Hormuz mwaka 1622. Meli za Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ziliungana na jeshi la Uajemi, ngome ya Wareno ikaanguka. Hapo ndipo mlango wa Ghuba ulipolegea mikononi mwa Ureno. Mwaka 1650 Waomani waliwatoa Maskati. Kisha, baada ya kuizingira tangu 1696, waliichukua Fort Jesus mwaka 1698. Anayesimulia jinsi Wareno walivyoondoka Mombasa huanza na Waomani, na ni haki yao, maana wao ndio waliotokwa damu. Lakini mizinga ya Kiingereza kule Hormuz ina sehemu yake katika kisa hicho.

Tarehe 1 Desemba 1640 Wareno waliasi na kumweka João wa Nne wa ukoo wa Braganza. Mfalme mpya alikuwa na vita na Hispania nyumbani, vita na Waholanzi ng'ambo, na hazina tupu. Aliikimbilia Uingereza, na tangu hapo mkataba ukawa na bei. Mwaka 1642 ulifufuliwa. Mwaka 1654 Oliver Cromwell alidai zaidi: wafanyabiashara wa Kiingereza nchini Ureno wawe na hakimu wao, wasali dini yao pasipo kusumbuliwa, wafanye biashara mpaka Brazili, na ushuru juu ya bidhaa zao usizidi asilimia 23. Balozi wa Ureno alitia saini siku ileile ambayo ndugu yake, Pantaleão de Sá, alikatwa kichwa London kwa kosa la kuua. Ureno haikuwa na namna ya kununa.

Mapatano ya 1661 ndiyo yanayonishangaza kuliko yote. Catarina wa Braganza alipangiwa kuolewa na Charles wa Pili. Kwa desturi ya Ulaya, mali ilitolewa na upande wa bibi harusi, na mali ile ilikuwa miji: Tangier katika Moroko na Bombay katika India, pamoja na fedha cruzado milioni mbili. Kulikuwa pia na kifungu cha siri. Uingereza iliahidi kuyatetea makoloni yote ya Ureno dhidi ya maadui wa wakati ule na wa wakati ujao. Wakubwa wa Kireno kule Goa walijua thamani ya kinachotolewa, wakavuta miguu. Bombay haikukabidhiwa mpaka 1665. Mwaka 1668 Charles aliikodisha kwa Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Mji mkubwa wa biashara katika bahari yetu, mji ambao majahazi ya Lamu na Zanzibar yangekuja kuuzoea, ulihama mikono kwa sababu ya harusi.

Ureno ilipata ilichokilipia. Askari wa Kiingereza walipigana Ameixial mwaka 1663 na Montes Claros mwaka 1665, na mwaka 1668 Hispania ikakubali kwamba Ureno ni nchi huru.

Tarehe 27 Desemba 1703 balozi John Methuen alitia saini mkataba mfupi ajabu: Ureno ifungue milango kwa vitambaa vya sufu vya Uingereza, na mvinyo wa Ureno utozwe Uingereza ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko mvinyo wa Ufaransa. Uingereza ilikuwa vitani tena na Ufaransa, mvinyo wa Bordeaux ukawa wa adui, na mashamba ya mizabibu kando ya mto Douro yakapanda vilima. Wafanyabiashara wa Kiingereza walijenga maghala ng'ambo ya Porto, wakatia pombe kali ndani ya mvinyo ili ustahimili safari ya bahari. Mpaka leo kuna majina ya Kiingereza juu ya milango ya maghala hayo.

Mvinyo haukutosha kulipia vitambaa. Pengo lilizibwa na dhahabu ya Brazili, iliyogunduliwa Minas Gerais mwishoni mwa miaka ya 1690 na kuchimbwa kwa mikono ya watumwa, wengi wao wakitolewa Angola na Afrika Magharibi. Dhahabu ilishuka Lisbon, ikapanda meli za Kiingereza, ikaishia London, kiasi kwamba sarafu za Kireno zilitumika katika masoko ya Uingereza kama fedha ya kawaida. Mwaka 1817 mchumi David Ricardo alichagua mfano wa nchi hizi mbili, kitambaa cha mmoja na mvinyo wa mwingine, kueleza faida ya kila taifa kushika kazi inayolifaa zaidi. Wanafunzi wa uchumi wanausoma bado, hata Dar es Salaam na Nairobi. Katika mfano wake hamna manowari, hamna kifungu cha siri, hamna mtumwa wa Minas Gerais. Naamini mfano huo umewafundisha vijana wetu hesabu sahihi juu ya historia isiyokamilika.

Hata hivyo si haki kusema Uingereza ilichukua tu. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, Bunge la London lilipitisha msaada wa pauni 100,000. Hispania ilipovamia mwaka 1762, askari wa Kiingereza walikuja. Na Napoleon alipotuma jeshi la Junot mwaka 1807, manowari za Uingereza ziliisindikiza familia nzima ya kifalme mpaka Brazili. Ziling'oa nanga tarehe 29 Novemba, na kesho yake Wafaransa wakaingia Lisbon.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa kipimo kikali kuliko vyote. Jemadari Wellington alijenga kaskazini mwa Lisbon, kuanzia mto Tagus mpaka baharini, safu za ngome zilizojulikana kwa jina la Torres Vedras. Nguvu kazi ilikuwa ya wakulima wa Kireno. Mwaka 1810 jeshi la Masséna lilifika mbele ya ngome hizo likakwama, na kwa kuwa nchi iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imeachwa tupu kwa amri, mashamba yamechomwa na visima vimeharibiwa, Wafaransa walishikwa na njaa wakarudi nyuma mwezi Machi 1811. Raia wa Kireno nao walikufa kwa njaa ileile, maelfu kwa maelfu. Huo ndio ushindi mkubwa wa ushirika huu.

Bei yake ilidaiwa Brazili. Kwa mkataba wa 1810 bidhaa za Uingereza zilitozwa huko ushuru wa asilimia 15, wakati zile za Ureno yenyewe zilitozwa 16. Jenerali Beresford wa Uingereza aliendelea kuongoza jeshi la Ureno kana kwamba vita havijaisha, mpaka mapinduzi ya Porto ya 1820 yalipomfungia mlango.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, Ureno iliota kuunganisha Angola na Msumbiji kwa ukanda mmoja, na mwaka 1886 ikachora ramani iliyopakwa rangi ya waridi kutoka bahari moja mpaka nyingine. Uingereza ilikuwa na ndoto yake, ya kutoka Rasi mpaka Cairo, na wamisionari wa Kiskoti walikuwa wamekwisha kukaa Blantyre. Kikosi cha Wareno kilichoongozwa na Serpa Pinto kilipopanda bonde la mto Shire na kupigana na Wamakololo, waziri mkuu wa Uingereza, Salisbury, hakutaka mjadala. Tarehe 11 Januari 1890 alitoa amri ya mwisho: Wareno waondoke Shire na nchi ya Wamashona, au uhusiano ukatike. Lisbon ilisalimu amri siku hiyohiyo. Watu waliingia barabarani wakilia kwa hasira, na wimbo uliotungwa katika hasira ile, A Portuguesa, ndio wimbo wa taifa wa Ureno leo. Mipaka ya Msumbiji, Malawi na Zimbabwe tunayoivuka tukionyesha pasi ilichorwa kwa sehemu kubwa katika mkataba wa mwaka uliofuata, 1891, kati ya marafiki hao wawili.

Mwaka 1898 Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Ilipatana kwa siri na Ujerumani jinsi ya kugawana makoloni ya Ureno endapo Lisbon ingeshindwa kulipa madeni. Mwaka uliofuata vita na Makaburu vilikaribia, na bandari ya Lourenço Marques huko Msumbiji ndiyo ingeweza kuwapitishia Makaburu silaha. Ghafla mkataba wa kale ukakumbukwa. Oktoba 1899 Salisbury na balozi Soveral walitia saini tamko jingine la siri: ahadi za 1642 na 1661 bado zipo, makoloni yatalindwa, na silaha zisipite.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ushirika huu ulifika mto Ruvuma kwa damu. Februari 1916 Uingereza iliiomba Ureno izikamate meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha katika bandari zake; Ureno ikakamata, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita. Mwezi uliofuata Wareno waliingia Kionga, kipande cha pwani kusini mwa mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikichukua mwaka 1894. Walivuka mto wakaifikia Newala, wakafukuzwa. Tarehe 25 Novemba 1917 jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na askari wake, waliokuwa wameishiwa risasi na chakula, walivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano pamoja na silaha na shehena iliyowawezesha kuendelea na vita mwaka mwingine. Wamakonde na Wamakua wa kingo zote mbili walikamatwa kubeba mizigo ya majeshi matatu. Walikufa zaidi kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kwenye mkataba wa amani Ureno ilipewa Kionga, na hiyo ndiyo sababu mpaka wa Tanzania na Msumbiji unafuata mto mpaka baharini.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Salazar madarakani Ureno, mtu mwenye hesabu kali. Alikaa kando, akaziuzia pande zote madini ya wolframu yaliyotumika kuimarisha chuma cha silaha. Lakini nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli katikati ya Atlantiki, mahali ambapo ndege za ulinzi hazikufika, na visiwa vya Azores viko hapohapo. Agosti 1943 alikubali Waingereza watumie viwanja vyake. Tarehe 12 Oktoba Churchill alisimama bungeni London, akaanza kwa kuusoma mkataba wa 1373.

Salazar alidhani amejiwekea akiba. Desemba 1961 jeshi la India lilipoingia Goa, alikumbusha London kifungu kile cha siri cha 1661. Uingereza ilijibu kwamba haiwezi kupigana na mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Goa ilikwenda baada ya siku mbili. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia, manowari za Uingereza zilikaa nje ya Beira kuanzia 1966 hadi 1975 kuzuia mafuta yasipite katika bandari ya rafiki yake.

Wakati huo FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa vitani tangu Septemba 1964, ikivuka Ruvuma kutokea upande wetu. Julai 1973 waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, alikaribishwa London kuadhimisha miaka 600 ya ushirika. Siku chache kabla hajafika, gazeti la The Times lilichapisha taarifa ya padri Adrian Hastings juu ya Wiriyamu, karibu na Tete, ambako Desemba 1972 makomando wa Kireno waliwaua mamia ya wanavijiji, watoto wakiwemo. Harold Wilson, kiongozi wa upinzani, alitaka ziara ifutwe. Serikali ilikataa, karamu ikaandaliwa, na nje waandamanaji wakajaa barabarani. Nakiona kitendo cha padri yule kuwa cha heshima kuliko hotuba zote za maadhimisho, kwa sababu alilazimisha nchi mbili zilizozoea kuongea juu ya Afrika zisikie majina ya waliokufa. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi la Ureno waliiangusha serikali ya Caetano. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru.

Tangu hapo ahadi imebaki bila makoloni ya kulindwa. Nchi zote mbili zimo NATO tangu ilipoundwa mwaka 1949, na kwa muda mrefu zilikuwa pamoja katika Jumuiya ya Ulaya. Uingereza ilipotoka, Juni 2022 ilitia saini na Ureno tamko jipya la ushirikiano wa ulinzi, sayansi na biashara. Mvinyo wa Douro bado unanywewa Uingereza, lakini ushuru wake haupatanishwi tena na balozi wa Uingereza akiwa Lisbon kama alivyofanya Methuen. Sasa Uingereza hupatana juu yake na Brussels, inayosema kwa niaba ya nchi 27.